Pompi na Pumzi: Mazoezi ya Kupumua kwa Mtu Mzima Mwenye Pumu

Jua likianza kujificha nyuma ya milima ya Mitumba, mji wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Kongo, huwasha makala. Babula, lile jiko la makala, hutolewa nje ya mlango na kupepewa kwa kipande cha katoni, na kabla moto haujashika, moshi mweupe hutambaa uani, ukavuka kwa jirani na kuingia dirishani. Kutoka Songo hadi Kalundu hewa hubeba harufu moja: makala, ndagala wanaokaangwa, na vumbi ambalo pikipiki zimelitimua mchana kutwa. Kwa watu wengi hiyo ni harufu ya chakula cha usiku. Mwenye pumu huisikia kama onyo. Kifua kinabana, mluzi mwembamba unalia ndani yake, na mkono unapapasa mfukoni kutafuta pompi, kile kichupa cha dawa ya kuvuta ambacho ng'ambo ya ziwa, Kigoma, watu wengi hukiita inhela.

Je, kabla au baada ya pompi, mtu huyo anaweza kujisaidia kwa namna anavyopumua? Mhadhara huu unalijibu swali hilo kwa kirefu, kwa sababu majibu mawili mafupi yanayozunguka mitaani yote yana madhara. La kwanza husema mazoezi ya kupumua ni mchezo tu, kwamba kilichobana hufunguliwa na dawa peke yake. La pili ni la hatari zaidi: kwamba ukijua kupumua vizuri huhitaji dawa. Katika mji ambao fedha ya dawa hushindana na fedha ya unga, jibu hili la pili hupata wasikilizaji wengi.

Kiswahili chenyewe kina la kusema hapa. Pumu, pumua, pumzi na pumzika ni maneno ya ukoo mmoja. Kupumzika ni kuirudishia pumzi nafasi yake. Mwenye pumu mara nyingi ni mtu aliyeketi lakini hajapumzika: mabega juu, shingo imekaza, mdomo wazi, anavuta hewa kama aliyekimbia mlima mzima.

Ugonjwa huu ni mkubwa kuliko unavyozungumzwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwa ajili yake. Vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini, ambako mgonjwa hajapimwa au dawa haifiki. Nchini Uganda, uchunguzi wa kitaifa wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta pumu kwa takriban watu 11 katika kila vijana na watu wazima 100. Kwa hiyo yeyote anayedhani pumu ni maradhi ya Wazungu, au ya watoto tu, amekosea hesabu.

Ndani ya mapafu njia za hewa hugawanyika kama matawi ya mwembe, kila tawi jembamba kuliko lililolizaa. Kwa mwenye pumu, utando wa ndani wa matawi hayo umevimba hata siku ambayo hajisikii vibaya. Ukichokozwa na moshi, vumbi, mafua au hewa baridi, misuli inayozizunguka njia hizo hujikaza, ute huongezeka, tundu hupungua. Watu hudhani shida ni kuingiza hewa, kumbe kazi ngumu ni kuitoa. Mgonjwa anavuta hewa mpya juu ya ile ambayo haijatoka, kifua kinashindiliwa kama gunia la makala linaloshuka kutoka milimani, na kadiri anavyohangaika kuvuta ndivyo nafasi inavyozidi kukosekana.

Dawa zake ziko za aina mbili, na kuzichanganya ni chanzo cha misiba mingi. Salbutamol hulegeza misuli hiyo ndani ya dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa nne hadi sita. Hii ndiyo dawa ya kutuliza, na ndiyo inayopendwa, kwa kuwa mtu huiona ikifanya kazi. Beklometasoni na budesonidi hupunguza uvimbe wenyewe, polepole, kwa siku na majuma. Hizi ni dawa za kuzuia. Hazimpi mgonjwa faraja ya papo hapo, kwa hiyo ndizo huachwa kwanza fedha ikipungua. Mwaka 2019 wataalamu wa GINA, jopo la kimataifa linaloandika miongozo ya pumu tangu miaka ya 1990, waliacha kupendekeza mtu mzima atibiwe kwa dawa ya kutuliza peke yake. Anayemaliza vichupa vitatu au zaidi vya salbutamol kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa vibaya. Anayemaliza kumi na viwili au zaidi, hatari yake ya kufa imepanda.

Uvira ina vichokozi vyake. Moshi wa kuni na makala ndio wa kwanza, na wanaouvuta zaidi ni akina mama wa jikoni na wale wanaokausha samaki motoni. Mwaka 2012 watafiti walipima mapafu ya watu 588 wenye umri wa zaidi ya miaka 30 huko Masindi, magharibi mwa Uganda, ambako karibu kila nyumba hupika kwa kuni. Walikuta asilimia 16.2 wana ugonjwa wa kudumu wa kuziba njia za hewa. Huo si pumu, ingawa mara nyingi hufanana nayo, na unaonyesha moshi wa jikoni hufanya nini kifuani mwa mtu kwa miaka.

Kichokozi cha pili ni unyevu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulivunja kingo zake, ukachukua watu na nyumba. Mwaka 2021, na tena 2024, Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda likaingia katika mitaa ya pwani. Maji yakishatoka, ukuta hubaki umelowa kwa miezi, na ukungu mweusi huota nyuma ya kitanda. Anayelala karibu na ukuta huo huvuta mbegu za ukungu usiku kucha, na kwa mwenye pumu hilo linatosha kumkosesha usingizi. Hakuna zoezi la kupumua linalousafisha ukuta huo.

Basi zoezi hufanya nini?

Mtu aliyewahi kubanwa hukumbuka. Mwili wake hujifunza hofu, na hofu hubadilisha namna ya kupumua hata pale ambapo njia za hewa ziko wazi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwenye hofu huhema kwa kasi, kwa mdomo, kwa sehemu ya juu ya kifua. Anatoa kaboni dioksaidi nyingi kuliko mwili unavyozalisha, na ikipungua damuni kichwa huwa chepesi, vidole huchonyota, kifua huhisi kamba. Dalili hizo huzidisha hofu, naye huzidi kuhema. Mara nyingine anayebonyeza pompi mara sita mchana amebanwa kweli mara mbili tu. Nne zilizobaki zilikuwa hofu. Lakini yeye mwenyewe hana njia rahisi ya kuzitofautisha, na hapo ndipo mafunzo yanapoingia.

Yanayofundishwa hayana siri. Mtu huketi, mgongo umenyooka bila kukakamaa, mabega yameshushwa. Mkono mmoja unakaa tumboni, mwingine kifuani. Anafunga mdomo na kuingiza hewa kwa pua, polepole, kiasi kidogo tu, mpaka mkono wa tumboni uinuke na ule wa kifuani ukae karibu kimya. Pua hupasha hewa joto, huilowesha na kuichuja vumbi, kazi ambayo mdomo hauwezi. Kisha anaiachia itoke, muda wa kutoa ukiwa mrefu kuliko wa kuvuta: akihesabu mbili kuingiza, anahesabu tatu au nne kutoa, midomo imebanwa kidogo kama anayepuliza uji wa moto. Mwisho wa pumzi anangoja kidogo bila kujilazimisha. Dakika kumi, asubuhi na jioni, siku ambazo hana shida. Wengi hukosea hapa: hukumbuka zoezi pale tu wanapobanwa, kama mtu anayetaka kujifunza kuogelea mtumbwi ukiwa umeshapinduka.

Mafundisho haya yana historia ndefu, na ndani yake mna kisa kinachostahili kusimuliwa taratibu. Uingereza, katika hospitali ya Papworth karibu na Cambridge, wataalamu wa tiba ya viungo walikuwa wakifundisha kupumua kwa tumbo na kulegeza mwili tangu miaka ya 1960. India ina pranayama ya yoga, ya kale zaidi. Aliyezua ubishi mkubwa, hata hivyo, alikuwa Konstantin Buteyko, daktari aliyezaliwa mwaka 1923 huko Ukraine. Kuanzia mwaka 1952 alidai kwamba pumu hutokana na kupumua kupita kiasi. Kwa maoni yake, mwili ukipoteza kaboni dioksaidi hujihami kwa kubana njia za hewa; kwa hiyo mgonjwa afundishwe kupumua kidogo, kwa pua, na kustahimili hamu ya hewa. Wafuasi wake waliipeleka mbinu hiyo hadi Australia, nchi yenye pumu nyingi, na huko ikaombwa ushahidi.

Jaribio lilifanyika Brisbane na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Wagonjwa 39 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilifundishwa Buteyko, lingine elimu ya pumu pamoja na mazoezi ya kulegeza mwili. Baada ya miezi mitatu kundi la Buteyko lilikuwa limepunguza dawa ya kutuliza kwa kiasi kikubwa sana, wakati wenzao hawakupunguza karibu chochote. Kwa mgonjwa, huo ni ushindi. Lakini watafiti walipima pia nguvu ya mapafu na kiasi cha kaboni dioksaidi katika pumzi inayotoka. Mapafu hayakuwa yamebadilika. Kaboni dioksaidi pia haikutofautiana kati ya makundi. Watu walikuwa wamepata nafuu, na maelezo ya Buteyko kuhusu chanzo cha nafuu hiyo yalikuwa yamekosa mguu wa kusimamia. Ikaonekana pia kwamba walimu wa Buteyko waliwapigia wanafunzi wao simu mara nyingi zaidi, na hakuna anayejua simu hizo peke yake zilifanya kazi kiasi gani.

Miaka minane baadaye watafiti wengine wa Australia walikuja na jaribio la werevu zaidi. Watu wazima 57 walipewa mojawapo ya mazoezi mawili yaliyo tofauti kabisa: moja la kupumua kidogo kwa pua, lingine la kuzungusha mabega na mikono huku mtu akipumua kawaida. Kila mmoja aliambiwa, akihisi kubanwa kidogo, aanze na zoezi kabla ya pompi, na pompi iwe karibu. Matumizi ya dawa ya kutuliza yalishuka kwa asilimia 86 katika makundi yote mawili. Mazoezi tofauti, tunda lilelile! Jaribio hilo linafundisha zaidi ya vitabu vingi vya walimu wa mbinu hii na ile. Linaelekea kuonyesha kwamba nguvu haiko katika siri ya mbinu fulani. Iko katika kutua, katika kuipa hofu dakika chache ipungue, na katika kugundua kwamba si kila kubanwa ni shambulio.

Ushahidi mpana zaidi ulitoka Uingereza. Katika jaribio la BREATHE, lililochapishwa mwaka 2018, watu wazima 655 waliokuwa bado wanasumbuliwa na pumu licha ya dawa waligawanywa sehemu tatu. Wengine waliendelea kama kawaida. Wengine walikutana mara tatu na mtaalamu wa viungo ana kwa ana. Wengine walipewa kijitabu na diski ya video wakajifundishe nyumbani. Baada ya mwaka mzima, waliojifunza kupumua waliishi vizuri zaidi na ugonjwa wao kuliko wasiojifunza, na wenye diski walifanikiwa sawa na waliofundishwa na mtaalamu, kwa gharama ndogo zaidi. Uvimbe wa njia za hewa na nguvu ya mapafu vilibaki palepale. Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 22 zenye washiriki 2,880 na kufika karibu na hapo hapo: maisha ya kila siku huwa mepesi, dalili za kuhema kupita kiasi hupungua, na kwa dalili za pumu yenyewe jibu halijawa wazi.

Matokeo hayo ya diski yanaihusu Uvira moja kwa moja. Wataalamu wa viungo ni wachache katika miji ya mashariki mwa Kongo, na foleni ya hospitali kuu ina mambo mazito zaidi: uzazi, malaria, kipindupindu, majeraha. Kama mafunzo yangehitaji mtaalamu kukaa na kila mgonjwa, mhadhara huu ungeishia hapa. Lakini video ya dakika kumi inaweza kupita kutoka simu hadi simu bila intaneti. Redio pia inafaa, pengine kuliko video, kwa kuwa zoezi lenyewe ni sauti inayohesabu: vuta, moja, mbili, toa, moja, mbili, tatu, nne. Mama anayekausha samaki anaweza kuisikiliza mikono yake ikiwa kazini.

Na mji una walimu ambao hawajaitwa. Kiongozi wa kwaya humkataza mwimbaji kuinua mabega anapovuta hewa. Anamtaka ajaze tumbo na aigawe pumzi mpaka mwisho wa mstari. Msomaji wa Kurani hufundishwa wapi pa kusimama na namna ya kuifikisha aya bila kukata pumzi mahali pabaya. Hao si waganga, na kuimba hakujathibitishwa kutibu pumu. Wanachojua ni kumfundisha mtu mzima, kwa lugha yake na bila kumwaibisha, kuitoa hewa polepole.

Kuna mfano wa jirani wa jinsi kazi ya namna hii inavyofanyika bila mitambo mingi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, Bruce Kirenga na wenzake wa Makerere, pamoja na wataalamu kutoka Uingereza, walianzisha mpango wa kuwarudishia nguvu watu waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na mapafu yaliyoharibika. Wagonjwa walikuja mara mbili kwa juma kwa majuma sita, wakatembea, wakafanya mazoezi na kufundishwa kuhusu ugonjwa wao. Matokeo ya watu 34 wa kwanza yalichapishwa mwaka 2017: walitembea mbali zaidi na maumivu ya kifua yakapungua. Maradhi yao hayakuwa pumu, na mazoezi yao yalikuwa mapana kuliko haya. Lakini yeyote anayesema kazi ya namna hii ni ya nchi tajiri anapaswa kwanza kutazama Mulago.

Mfano huo unakumbusha jambo lingine. Katika eneo hili, anayekohoa kwa zaidi ya majuma mawili, anayekonda au kutoka jasho usiku, apimwe kifua kikuu kabla mtu yeyote hajamfundisha kuhesabu pumzi. Moyo unaoshindwa kazi nao hubana kifua usiku. Zoezi zuri juu ya ugonjwa usiojulikana ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Shambulio kubwa nalo lina sheria yake. Asiyeweza kumaliza sentensi, ambaye midomo yake inageuka rangi, ambaye amechoka mpaka anasinzia, au ambaye mluzi wa kifua umenyamaza ghafla ilhali bado anahangaika, huyo hafanyi zoezi. Anaketishwa wima, anapewa salbutamol mivuto minne hadi kumi, mmoja mmoja, inayorudiwa kila baada ya dakika 20, na papo hapo inatafutwa pikipiki au gari la kumfikisha hospitalini. Pumzi ndefu ya kutoa inaweza kumtuliza njiani. Haiwezi kuchukua nafasi ya dawa wala ya oksijeni.

Hata hiyo pompi wengi huitumia vibaya, na dawa huishia ulimini. Heather Zar, daktari wa watoto wa Cape Town, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pompi na kuzibwa pembeni, iliwafaa watoto wenye pumu sawasawa na kile kifaa cha kununua. Mgonjwa huweka midomo kwenye shingo ya chupa na kuvuta taratibu. Chupa za namna hiyo zimejaa kando ya Ziwa Tanganyika. Anayeiosha moja, kuikausha na kuitoboa vizuri ameshapata nusu ya somo la kupumua, kwa sababu chupa inamlazimisha asivute kwa pupa.

Kituo cha afya kinachotaka kuanza hakihitaji jengo jipya. Kinahitaji mwuguzi mmoja aliyefunzwa, rekodi ya Kiswahili na nyingine ya Kifuliru, chupa kadhaa zilizotobolewa, na daftari. Katika daftari hilo kila mgonjwa awe na mistari miwili. Wa kwanza uhesabu vichupa vya kutuliza alivyotumia, na wengi watafurahi ukishuka. Wa pili uhesabu vichupa vya kuzuia, na huu ndio wa kuangaliwa kwa makini zaidi baada ya miezi mitatu, kwa sababu ukishuka nao, mgonjwa ameanza kuliamini zoezi mahali pa dawa, na mwuguzi amfuate nyumbani juma hilohilo.